Mkate wa Marehemu Mpakani

Domnica alikuwa na ulimi mrefu, na hilo hata yeye hakulikana. Tangu utotoni, wodini, yeye ndiye aliyewajibu wauguzi wakati wenzake wamejikunyata, na yeye ndiye aliyekula makofi ya wote. Basi mwaka ule wakubwa wa dunia walipotangaza kwamba watakutana katika mji mkuu wetu kuzungumzia UKIMWI, na kwamba wanataka mgonjwa mmoja aketi nao mezani, nani mwingine angechaguliwa? Chama cha wagonjwa cha mji wetu wa mashariki, Vadu Sării, kilipiga kura, na Fănel, aliyekuwa na homa siku hiyo, akanyanyua mikono yote miwili.

"Mkono mmoja, we mwehu," Domnica akamwambia.

"Mmoja wangu, mmoja wako. Najua unaona haya kujipigia kura mwenyewe."

"Haya? Mimi?"

Chumba kizima kikaangua kicheko, maana kweli, Domnica na haya wapi na wapi.

Fănel hakuwa ndugu yake wa damu. Waliwekwa vitanda jirani wakiwa wachanga, katika miaka ile mibaya kabla ya mapinduzi, wakati sindano moja ilipita kwa watoto wengi na virusi vikapita nayo. Mama yake Fănel alikuja mara ya kwanza, akaambiwa mtoto ana nini, na hakuonekana tena. Nyanya yake Domnica alikuwa akija kila Jumapili na mayai mawili ya kuchemsha, moja la mjukuu wake na moja la yule wa kitanda cha pili. Wodi nzima ile ilizikwa kidogo kidogo. Walibaki wao wawili. Walipokua wakapewa vyumba katika jengo moja, mlango kwa mlango, na Fănel akawa fundi wa televisheni ambaye mteja wake mkubwa alikuwa Domnica, asiyelipa.

Walibaki hai kwa sababu ya dawa, na dawa zililetwa na Ushirika wa Mataifa, ule muungano wa nchi nyingi zilizochangia mfuko mmoja kuokoa wagonjwa kama wao. Kisha nchi yetu ikajiunga na Ulaya ya matajiri. Watu wa Ushirika wakaangalia hesabu zao, wakaona sisi sasa ni matajiri. Utajiri wenyewe sisi hatukuuona, ila wao waliuona vizuri sana. Wakatuandalia sherehe ya kuagana, wakakata keki, wakaondoka. Serikali ikasema itanunua dawa yenyewe. Ikanunua. Halafu, majira fulani ya baridi, dawa zikaanza kukatika. Huyu anapewa nusu, yule anaambiwa arudi Jumatatu, na hiyo Jumatatu nayo ikawa haifiki.

Ng'ambo ya mto Prut, huko Slobozeni, wanaishi watu wenye lugha yetu na makanisa kama yetu, ila maskini kuliko sisi. Kwa sababu ni maskini, Ushirika haukuwaacha. Dawa walikuwa nazo. Ndiyo maajabu ya dunia hii, maskini kumkopesha tajiri! Kule kila mgonjwa alipewa vidonge vichache vya akiba, theluji isije ikafunga barabara kabla hajarudi kliniki. Wagonjwa wakaanza kuvitoa vile vya akiba, huyu viwili, yule vitatu, "kwa ajili ya wale wa ng'ambo." Aliyevikusanya alikuwa Shangazi Agafia, mjane ambaye binti yake naye alikuwa mgonjwa. Na aliyevivusha ni huyohuyo.

Alivivusha kwa kapu la marehemu. Mumewe alizaliwa upande wetu na amezikwa upande wetu, na kwetu mwenye kaburi ana wajibu: Jumamosi za wafu huoka mikate ya kusokotwa, huchemsha ngano na asali na njugu, huweka mshumaa juu, akagawa kwa atakaokutana nao njiani, ili marehemu ale huko aliko. Unayepewa hukatai. Unapokea kwa mikono miwili na kusema "Bogdaproste," yaani Mungu awasamehe wafu wako. Mlinzi wa mpaka naye ni mtoto wa mtu. Ni nani aliyelelewa na mama atakayeingiza mkono kupekua chakula cha wafu? Hata wale wasiokwenda kanisani waliogopa. Kwa hiyo Agafia alimpa mlinzi mkate, mlinzi akasema neno lake, na kapu likapita. Vidonge vilikaa chini ya bakuli la ngano, vimefungwa kwenye kitambaa.

"Shangazi, mumeo mbona ana njaa hivyo?" Fănel alikuwa akimtania. "Kila Jumamosi mkate! Hata mimi niliye hai sili hivyo."

"Alipokuwa hai alikunywa tu, hakula. Mwache ashibe sasa, mlevi yule. Na wewe meza dawa, usinichekee na tumbo tupu."

Fănel alimhitaji Agafia kuliko sote. Dawa za kawaida, kama alizokuwa akimeza Domnica, virusi vya Fănel vilikwisha kuzizoea. Kulikuwa na aina moja tu iliyobaki ya kumshikilia, na hiyo kwetu haikupatikana hata kwa kuombea. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na rafiki wa Fănel alivaa kitambaa cheusi kichwani na kunuka chachu ya mkate.

Kabla ya safari Fănel alimpikia Domnica ugali na jibini, akamtazama akila.

"Sema yote," akasema. "Sema dawa zimekatika. Sema wezi, ukitaka. Ila kapu usilitaje."

"Wanichukulia mimi mtoto?"

"Nakuchukulia kuwa Domnica. Niapie."

Domnica akaapa kwa kaburi la nyanya yake, na aliapa kwa moyo wake wote.

Ukumbi wa mkutano ulikuwa mkubwa, bendera zimepangwa ukutani, kila mtu amevaa vile vidude vya masikioni vya kusikilizia tafsiri. Mkuu wa Ushirika, Bi Solveig, mwanamke mrefu mwenye mvi, alivuka ukumbi mzima kuja kumsalimu Domnica. Alimuuliza jina mara mbili ili alitamke sawasawa. Domnica alimpenda papo hapo. Kuna wakubwa unaowaona na kujua kwamba hawaigizi, na huyu alikuwa mmoja wao.

Asubuhi ikaenda vizuri. Wakafika kwenye aya ya azimio iliyohusu miji yetu ya mashariki, kwamba ina upungufu na isaidiwe kwa haraka. Hapo Naibu Waziri wetu, Bwana Mavrodin, akaomba kusema. Alikuwa mtu mtaratibu, sauti ya chini, wala hakukasirika.

"Kulikuwa na ucheleweshaji," akasema. "Upungufu, hapana. Nasikia uvumi kwamba kuna wagonjwa wasiopata dawa tangu baridi ianze. Mabibi na mabwana, mimi mwenyewe ni daktari. Mgonjwa wa namna hii akikosa dawa muda wote huo, huanguka. Naomba nionyeshwe walioanguka." Akatazama huku na huku ukumbini. "Hawapo. Basi na upungufu haupo."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Jamani, ilikuwa na mantiki! Bi Solveig akamtazama Domnica kana kwamba anaomba msaada, kisha akatazama saa. Aya ile ilikuwa inaelekea kufutwa, na pamoja nayo kila mgonjwa wa mashariki ambaye hakuwa na mto wa kuvuka wala shangazi wa kumvushia.

Damu ikamchemka Domnica. Wao kubaki hai ndiko kulikokuwa kunawaua. Alishika ukingo wa meza, akajiambia anyamaze, akamkumbuka Fănel na ugali wake. Kisha akasimama.

"Hawajaanguka kwa sababu kuna mama mmoja," akasema, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumzuia.

Aliwaeleza kila kitu: mkate, mshumaa, bakuli la ngano, vidonge viwili vya huyu na vitatu vya yule. Hakutaja jina la mtu wala la mji. Alisema tu, "Nchi mliyoiona tajiri inaishi kwa sadaka ya wale mliowaona maskini." Tafsiri ikafika masikioni mwa watu kwa kuchelewa kidogo, kwa hiyo nyuso zilibadilika moja baada ya nyingine, kutoka mbele kwenda nyuma. Mwakilishi mmoja akavua miwani. Bi Solveig akalia waziwazi. Halafu ukumbi mzima ukasimama ukapiga makofi, na Bwana Mavrodin naye akasimama, maana angefanyaje?

Kabla ya chakula cha mchana azimio lilikuwa limetiwa saini. Ushirika ungerudi. Nchi tano zingechangia dawa za dharura, zikiwemo zile za Fănel. Ahadi ni deni, na hawa walikuwa watu wa kulipa deni. Ila wakubwa hulipa kwa mwendo wa wakubwa: kibali hiki, muhuri ule, ghala, meli, forodha. Dawa zingefika mwanzoni mwa kiangazi.

Jioni Bi Solveig aliulizwa mbele ya kamera ni kitu gani kilichomgusa zaidi. Akasimulia kapu. "Ushirikiano wa dunia," akasema, "nimeuona leo ndani ya kapu la mjane mmoja mpakani." Alisema kwa mapenzi tu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya siku ile, na hilo ndilo linalotuuma sana sisi wa Vadu Sării.

Domnica alirudi kwa treni akiwa amevimba kwa furaha. Alipanda ngazi mbili mbili hadi mlangoni kwa Fănel. Fănel alifungua, lakini hakumpisha.

"Nilikuona," akasema. Nyuma yake televisheni ya mteja ilikuwa bado inawaka.

"Fănel, wametia saini! Dawa zako zimo, nimeziona kwa macho yangu zimeandikwa—"

"Nilikuona, nimesema."

"Sikumtaja jina! Wala mji sikuutaja!"

"Kwani vikapu vingapi vya marehemu vinavuka mto huu, Domnica? Umemvua Shangazi nguo mbele ya dunia nzima. Ukaapa! Kwa kaburi la nyanya, aliyekuwa akiniletea yai!" Akashika kitasa. "Mimi sikukutuma unifanye hadithi."

Akafunga mlango. Domnica alibaki amesimama kwenye ngazi.

Alimpigia Agafia simu kutwa kucha, lakini mama yule simu yake aliiacha kabatini na sukari, aliona inamchosha. Jumamosi, Domnica akawahi mpakani kumngoja. Alisimama upande wetu wa kizuizi na kumwona akija kwa miguu darajani, mfupi, kapu mkononi, anachechemea kidogo kama kawaida yake. Kizuizini alikuwepo Anghel, kijana wa masikio mekundu aliyekula mikate ya Agafia tangu alipoajiriwa. Pembeni yake alisimama mtu mgeni mwenye koti la mjini.

Agafia akampa Anghel mkate na mshumaa. Anghel akapokea kwa mikono miwili.

"Bogdaproste," akasema.

"Toa kitambaa," mgeni akasema.

"Mkuu, ni chakula cha marehemu."

"Nakijua ni nini. Sasa nchi yote inakijua. Toa."

Anghel akavua kofia kwanza. Kisha akafunua kitambaa, akainua bakuli, likamponyoka, na ngano ikamwagika yote barabarani, asali na njugu zake.

"Mwacheni!" Domnica akapiga kelele. "Ni zangu! Nilimtuma mimi!"

Mgeni akageuka, akamtazama vizuri, uso ukamkunjuka. "Aa, si wewe yule wa kwenye televisheni? Mke wangu alilia, unajua. Pole sana, dada. Mimi ni sheria tu."

Hawakumfunga Agafia. Walimwonea huruma kwa umri wake. Wakachukua vidonge, wakampiga marufuku kuvuka mto. Kabla hajageuka aliita kutoka ng'ambo ya kizuizi, kwa sauti ya mtu anayeulizia jambo la nyumbani.

"Domnica! Na yule mlevi wangu atapaliliwa na nani?"

"Mimi, Shangazi! Nitampalilia mimi! Nisamehe!"

"Ng'oa tu magugu ya upande wa kichwani, ndiyo yanayomsumbua," Agafia akasema. "Fănel amebakiwa na ngapi?"

Domnica akatikisa kichwa. Agafia akaelewa. Akajitanda kitambaa chake, akaanza kurudi darajani.

Mdomo huponza kichwa, ndivyo tunavyoambiwa tangu utotoni. Wa Domnica uliponza kichwa cha mwenzake. Fănel alimaliza vidonge vyake, na baada ya muda kifua kikaanza. Domnica alizunguka kliniki za miji minne. Alipiga simu wizarani akaambiwa subiri. Alipiga ofisini kwa Bi Solveig, na kule walimjibu kwa upole mkubwa, kila mara: shehena iko njiani. Walikuwa wakisema kweli. Mwishowe alimwaga vidonge vyake mwenyewe mezani kwa Daktari Ispas, aliyewatibu tangu utotoni.

"Mpe hivi. Mimi ni mzima, nitavumilia."

"Domnica, binti yangu, unajua kwamba vya kwako havimfai. Ni sawa na kumpa peremende." Daktari akavikusanya kimoja kimoja, akavirudisha chupani. "Vimeze. Sitaki kuwazika wawili."

Fănel alilazwa akiwa bado hasemi naye. Domnica alikuja kila siku akasimama karibu na dirisha, na Fănel akageukia ukutani. Siku moja alipomkuta amekonda kiasi cha mashuka kutonyanyuka, akashindwa kujizuia.

"Fănel, nikwambie nini? Niambie niseme nini, nitasema."

Akageuka taratibu. Mashine ya hewa ilikuwa ikimvumia puani.

"Usiseme," akasema. "Mara moja tu katika maisha yako, Domnica. Usiseme."

Kisha akasogeza miguu, pakapatikana nafasi ndogo mwishoni mwa kitanda. Domnica akaketi. Alikaa pale alasiri nzima bila kutamka neno, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, akaogopa hata kuyafuta asije akapiga kelele. Kama alikuwa amesamehewa, hakujua. Hakuuliza, kwa sababu alikuwa amekatazwa.

Asubuhi yake Fănel alifariki kabla uji haujaletwa.

Dawa zilifika mwanzoni mwa kiangazi, matunda ya cheri yalipokuwa yameiva. Zilifika kama zilivyoahidiwa, hata kwa wingi zaidi, malori mawili, na maboksi yamebandikwa bendera za nchi tano. Kliniki ilipakwa rangi. Bi Solveig alikuja mwenyewe, na hakuwa amefichwa habari. Aliwaacha waandishi nje, akamkumbatia Domnica, mabega yakimtikisika.

"Laiti ningefunga mdomo wangu," akasema kupitia mkalimani. "Nifanye nini, Domnica? Niambie la kufanya."

Domnica angeweza kumtukana, na pengine angefarijika. Lakini alimwona mwanamke yule amezeeka tangu mkutanoni.

"Mna moyo," akamwambia. "Ila mnakuja tukishazika. Siku nyingine njooni mapema, mama. Na yule mama wa ng'ambo, mruhusiwe avuke aone kaburi la mumewe."

Bi Solveig akaahidi.

Kisha wagonjwa wakaanza kuingia. Walitoka miji ambayo Domnica hajawahi kufika, mbali na mto, watu waliokuwa wamekata tamaa kimyakimya, na kila mmoja alitoka na boksi kifuani. Wengine walimtambua. Wakambusu mikono, akawa anaivuta. Mwanamke mmoja kijana kutoka milimani, aliyebeba mtoto wa kiume aliyelala begani, alimshika mkono na akakataa kuuachia.

"Ni wewe uliyesema," yule mwanamke akasema. "Huyu dawa zake hazikuwepo nchi nzima. Daktari aliniambia nijiandae. Mungu akulipe, dada yangu. Sina cha kukupa."

"Usinishukuru mimi," Domnica akasema. "Mshukuru Fănel."

Mwanamke akafikiri kidogo, akijaribu kukumbuka majina ya wakubwa aliowasikia kwenye habari.

"Fănel," akarudia. "Ndiye yule waziri mpya?"

Domnica akaketi juu ya boksi tupu.

"Hapana, dada," akasema alipoweza. "Ni ndugu yangu."